Ua la Klementina

Mimi maua siyapendi. Naliweka hilo mbele ili mtu asije akadhani nampamba jirani yangu. Kitu kisichopikika wala kisichotoa kivuli, kazi yake nini? Lakini nimekaa Buzebazeba, hapa Kigoma, miaka mingi nikigawana ukuta na Klementina, na huwezi kugawana ukuta na mtu yule usigawane naye na maua yake. Yanapanda, yanachungulia, yanamwaga majani juu ya dagaa wangu niliowaanika. Nikilalamika ananijibu, "Mama Samson, hayo majani ni salamu." Basi nachukua ufagio nazifagia salamu zake.

Klementina ni mjane wa Adolf, aliyekuwa fundi wa reli pale stesheni. Adolf alipofariki watoto walikwishaondoka, mmoja yuko Tabora na mwingine Mpanda, na nyumba ikabaki na sauti ya redio tu. Wajane wengine huingia kwenye vikundi, wengine huingia kwenye umbea. Klementina aliingia kwenye makopo. Ana makopo ya rangi, madumu ya mawese yaliyokatwa katikati, sufuria zilizotoboka, hata buti la kazini la marehemu lina kitu kimeota ndani yake. Akienda msibani au harusini harudi bila tawi lililoviringishwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Na huku kwetu tawi la ua halinyimwi. Ukiombwa, unakata unatoa, na yule aliyepewa akishalipanda ataliita kwa jina lako wewe uliyempa: hili ua la Mama Mchungaji, lile ua la Shadia. Majina ya vitabuni hatuna, na hatujawahi kuona upungufu wake.

Kwa mtindo huo maua yanazunguka mji mzima bila mtu kujua amekaribisha nini sebuleni kwake. Ndiyo maana watu humletea Klementina. Mtu anabisha hodi na kopo mkononi: "Mama, hili ni ua gani, na lina madhara?" Klementina hana haraka. Anatazama majani yalivyokaa kwenye shina, kama ni moja moja au mawili mawili yanayotazamana. Ananusa. Kisha anavaa mifuko ya mkate mikononi, anavunja kipande kidogo juu ya karatasi, anangoja. Likitoa majimaji ya kawaida na lisiwashe, linapelekwa kibarazani na wenzake. Likitoa maziwa, au likiacha muwasho, linakwenda jela.

Jela ni pembe ya kibaraza aliyoizungushia wavu wa kuku, juu ya meza ndefu ambako mtoto hafiki wala mbuzi hafiki. Humo amefungwa taji la miiba. Yumo na yule wa majani mapana yenye madoa meupe, ambaye mtu akimtafuna ulimi unavimba hata kumeza mate inakuwa kazi. Upo na mnyaa mmoja kwenye kopo, ingawa mnyaa hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa Kigoma, maana tumezungushia viwanja na sote tulichapwa utotoni kwa kuuchezea. Wafungwa wake hao anawatunza kuliko raia. Akiwapunguza matawi, anachovya kidonda cha tawi kwenye majivu mpaka maziwa yakatike, anaosha kisu kwa sabuni, anaosha mikono kwa sabuni, na mpaka amalize hajigusi usoni hata inzi amtambae puani. "Utomvu hauna ugomvi na mtu," husema. "Unalinda nyumba yake tu. Wewe ndiye uliyekwenda na kisu."

Sasa mtu mwangalifu hivyo alikosea wapi? Alikosea mbele ya macho yetu sote, mchana kweupe.

Ilikuwa kiangazi. Mdogo wake, Diana, aliyeolewa Kagunga, alimtumia fungu la matawi kwa boti. Boti lilichelewa njiani, matawi yakapigwa jua juu ya magunia ya dagaa, na tulipokwenda kuyapokea mwaloni Kibirizi yalikuwa yamelegea. Hata hivyo yalikuwa mazuri, na nikisema mimi kwamba ua ni zuri, jueni ni zuri. Shina lake lilipinda huku na huku kama limechorwa na mtu anayesinzia, na majani yalikuwa ya kijani yenye ukingo mweupe na wekundu kidogo kwa mbali. Hakuna aliyewahi kuliona. Wanawake wakajaa uani kwa Klementina kama kuna ngoma.

Akavaa mifuko yake ya mkate. Akavunja ncha ya tawi moja juu ya karatasi, pakavu. Akavunja la pili, pakavu vilevile. Wanawake walikuwa wanamsogelea, kila mmoja ameshachagua tawi lake kwa macho, na nadhani Klementina naye alifurahi kutazamwa. Akasema, "Halina neno."

Kwetu sisi "halina neno" ya Klementina ilikuwa sawa na muhuri wa serikali. Matawi yaligawiwa pale pale, moja Ujiji, moja Katubuka, moja likapanda gari hadi Mwandiga, na lingine lilivuka ukuta tu, lilichukuliwa na Agnesi. Na kwa kuwa aliyeyatoa ni yeye, kila nyumba liliitwa ua la Klementina.

Agnesi ni mpangaji wa chumba cha mbele kwenye nyumba yangu, fundi cherehani. Mumewe, Christian, hufanya kazi kwenye boti za mizigo zinazokwenda Kongo, leo yupo, kesho hayupo. Riziki ya kuaminika mle ndani ni cherehani. Binti yule anashona sare za kwaya, magauni ya komunio, na vifungo anavishona kwa mkono, tundu dogo kwa tundu dogo, mpaka unajiuliza ana macho ya aina gani. Alikuwa ananyonyesha, na mama mkwe wake, Winfrida, alikuja kutoka Kasulu kumsaidia kulea.

Mvua zilipoanza, tawi lake lile likanywa maji likafura, likaota hadi dirishani na kumzibia mwanga. Asubuhi moja Agnesi akachukua mkasi wake wa kazi akaanza kulipunguza. Maziwa yakamtiririka vidoleni. Angeogopa nini, wakati aliambiwa halina neno? Alijifuta kwenye kanga. Kulikuwa na joto, jasho likamwingia machoni, na akalifuta kwa kanga ileile.

Nilisikia ukelele nikadhani mtoto ameanguka.

Nilipofika, Winfrida alikuwa ameshaanza tiba, na ni tiba ambayo mama zetu wote wangeifanya. Huku kwetu vumbi likikuingia jichoni, au moshi, au pilipili, unadondoshewa maziwa ya mama anayenyonyesha. Na anayenyonyesha ndiye huyo huyo aliyekuwa analia. Winfrida alimkamua mkwewe kwenye kijiko, akamdondoshea machoni maziwa yake mwenyewe, akamfunga kitambaa na kumlaza. "Yatapoza, tulia," akasema. Agnesi alikuwa anasugua juu ya kitambaa kwa kiganja, anageuka huku na huku mkekani. Tukakaa tukingoja yapoze. Tulikaa muda mrefu mno.

Klementina alikuwa sokoni. Aliporudi alisikia kilio, akapita kwangu bila hodi, na kitu cha kwanza alichokiona ni vile vipande vya matawi chini ya dirisha, kila kimoja na tone jeupe mdomoni. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

"Ondoeni hicho kitambaa!"

"Tumemtia maziwa ya mama," Winfrida akasema kwa ukali. "Mwache apumzike."

"Mama Christian, nisamehe sana, hayo maziwa hayaoshi. Huu ni utomvu kama wa mnyaa. Maji! Mama Samson, maji!"

Bomba siku hiyo lilikuwa linatoa, namshukuru Mungu, maana siku nyingine linatoa upepo. Klementina aliosha mikono yake kwanza, akamwosha Agnesi mikono kwa sabuni, akaitupa ile kanga mbali. Akamlaza kwenye benchi kichwa upande, akamfumbua kope kwa vidole, akaanza kumimina maji kwa jagi, polepole bila kukatiza, yakitoka upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili. Akamgeuza akafanya upande mwingine. Mimi nilichota ndoo mpaka kiuno kikagoma. Agnesi alimsihi aache. "Lia tu, mwana wanje, mwanangu," Klementina akamwambia. "Kulia nako kunaosha." Mtoto alipoanza kudai ziwa, alimwambia Winfrida asimpe mpaka mama yake aoshwe kifua pia. Winfrida hakubisha tena. Alikuwa ameshika jagi la pili.

Kisha bajaji hadi hospitali. Klementina alikuwa amefunga tawi moja kwenye mfuko wa mkate akalikaza fundo.

"Ni mmea gani?" daktari wa macho akauliza.

"Jina silijui, baba. Unatoa maziwa meupe kama ya mnyaa. Nimekuletea mwenyewe."

Daktari akautazama ndani ya mfuko bila kuufungua. "Umenisaidia. Jina tutalitafuta baadaye, nikijua ni wa ukoo gani inatosha kuanzia." Akamtia Agnesi dawa ya rangi, akammulika. Jicho la kushoto limeungua kidogo, akasema. La kulia limeungua zaidi, tena limesuguliwa. Maji yamelisaidia, yangewahi yangesaidia zaidi.

"Ataona?" Klementina akauliza.

"Tungoje, mama."

Wakamlaza. Sisi tukarudi, na Klementina hakuvua hata viatu. Alivaa mifuko yake, akaenda kwenye kopo la ua lake mwenyewe lililotoka kwenye fungu lile lile, akalikata. Yakamwagika maziwa kama ng'ombe aliyecheleweshwa kukamuliwa. Akakaa chini.

"Boti, na jua," akasema. "Vidonda vyake vilikuwa vimekauka, lilikuwa halina hata tone la kutoa. Mimi nikaliuliza wakati limezimia, halafu nikawajibia watu."

Nilimwambia si yeye aliyeshika mkasi. Akainuka akaenda kuosha kisu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, waliosema hivyo waliujua uchungu huo. Kuanzia siku ile akawa hali. Nikimpelekea ugali na migebuka naukuta kesho yake umefunikwa vilevile. Alipungua mpaka gauni likawa linamzunguka. Kutwa alikuwa hospitali, na asipokuwa hospitali alikuwa ameketi kibarazani akitazama makopo kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mimi niliyekuwa nayachukia yale majani nilianza kuyamwagilia, mjue hali ilikuwa mbaya.

Agnesi akaruhusiwa. Alirudi amevaa miwani myeusi, akavuka uani moja kwa moja hadi kwa Klementina, akamshika mikono. "Mama, nimepona. Naona vizuri kabisa." Klementina alilia kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa Kiha, na jioni ile alikula. Alikula sana. Nami nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake alinijia na mkoba umejaa mifuko ya mkate aliyoiomba kwa muuza duka. "Twende," akasema. "Yale matawi yako kwa watu."

Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Unakwenda, unasema nilikosea, unarudi. Kumbe kuomba radhi ni kazi, na kuaminiwa ukiomba ni kazi nyingine. Katubuka tulimkuta mwenye nyumba akicheka. "Ua la Klementina hili? Mbona wewe mwenyewe ulisema halina neno!" Klementina akasema sasa anasema lina neno. Yule akamjibu kwamba ya kwanza ndiyo aliyoiamini. Ujiji tuliambiwa kwamba Klementina amekuja kudai ua kwa sababu lao limestawi kuliko lake. Nusura nimjibu huyo, na jibu langu lisingefaa kuandikwa. Na Klementina hakuwa anadai chochote. Hakumwambia mtu ang'oe wala achome. Alikuwa anaomba tu lipandishwe juu, mbali na watoto, na likikatwa likatwe kwa mifuko mikononi. Watu waliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na tulipogeuka nyuma kopo lilikuwa palepale mlangoni.

Tuliporudi tumechoka, Agnesi alikuwa anatungoja uani na mtoto mgongoni. "Kesho nakwenda nanyi," akasema. "Wakiniona mimi watasikia."

Na kweli walisikia. Katubuka, yule mwenye kicheko alipotazama jicho lenye wekundu nyuma ya miwani, alilibeba kopo mwenyewe akaliweka juu ya kabati. Ujiji walituomba radhi na kutupa mawese. Klementina alifundisha kila nyumba, na nilimwona anaanza kurudi kuwa Klementina. Njiani aliniomba nisimame aangalie ua la watu kwenye uzio, nami nikasimama nikanung'unika, kama zamani.

Ikabaki Mwandiga. Tulimchelewesha Marcelina kwa sababu ya umbali, na kufikia siku tuliyokwenda wekundu wa jicho ulikuwa umekwisha. Marcelina anauza vyakula barabarani, mama mkubwa wa mwili na wa sauti. Ua lake lilikuwa kwenye ndoo ya bluu kizingitini, limenona kuliko yote tuliyoyaona, na wajukuu wawili walikuwa wanatambaa kulizunguka.

"Mwakeye, karibuni!" akatuamkia kwa Kiha. "Ua lako hili, Klementina, kila anayepita barabarani ananiuliza!"

Tukakaa. Klementina akaeleza. Marcelina akasikiliza, akatabasamu, akamtazama Agnesi. "Ndiye huyu aliyeungua? Mbona mzima? Mrembo na miwani yake."

"Shikamoo, mama," Agnesi akasema, akavua miwani.

"Marahaba. Haya, tazama, macho mazuri namna hii! Klementina, unatutisha bure. Mimi siwezi kuondoa kitu kizuri mlangoni kwa sababu ya macho mazuri namna hii."

Mjukuu mmoja alishika ukingo wa ndoo ili asimame. Agnesi alinyanyuka akambeba, akampa bibi yake. Akabaki amesimama mbele ya Marcelina. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Mama, kanga yako ni nyekundu," akasema. "Pembeni ina kitu cheupe, najua ni maneno kwa sababu kanga zote zina maneno. Ila siyaoni. Na uso wako siuoni, naona tu kwamba kuna mtu. Daktari anasema huenda ukungu ukaondoka, huenda usiondoke. Nashona kwa jicho moja sasa. Vifungo nimeacha."

Marcelina alimkumbatia yule mtoto kifuani mpaka mtoto akalalamika. Kisha akaita mtu wa ndani ampokee mtoto, akainama aondoe ndoo mwenyewe. "Ngoja," Agnesi akasema. "Usiliguse hivyo." Akachukua mifuko kwenye mkoba wa Klementina, akamvisha Marcelina mikononi, akamwonyesha namna ya kulishika, namna ya kukata, majivu, sabuni, maji mengi yakiingia jichoni, na maziwa ya mama yabaki kuwa ya mtoto. Alimfundisha kila kitu, kazi ambayo kwingine kote ilikuwa ya Klementina.

Klementina alikuwa ameketi ukingoni mwa kibaraza, mikono mapajani. Ndoo ilipokwisha kupanda juu, Agnesi akaja akachuchumaa mbele yake.

"Uliniambia unaona," Klementina akasema.

"Ulikuwa huli, mama."

Klementina alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama lile jicho la kulia, kwa karibu, kama anavyotazama jani. Sikuweza kuendelea kuwaangalia, nikaanza kukusanya mifuko. Baadaye walinyanyuka wakaaga. Klementina alihamia upande wa kulia wa Agnesi, akamshika mkono, na wakavuka barabara hivyo, yeye akitazama magari yanayotoka upande ule.